Kisanduku Kiitwacho Shangazi

Ilikuwa mwaka wa 2022, katika kipupwe, majira ambayo watu huingia kazini wamefumbata vikombe vya chai kwa mikono miwili na hakuna anayekubali kukaa karibu na dirisha. Pambizo alikaa karibu na dirisha. Alitaka mwanga wa asubuhi uiangukie kompyuta yake kutoka ubavuni, na kama mwanga huo ulikuja na baridi, basi baridi ingevumiliwa.

Pambizo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata katika kiwanda cha uchapaji alikopanga kurasa za vitabu kwa miaka kumi na sita, kwa kuwa hakuwahi kuruhusu ukurasa utoke ukiwa na pambizo finyu. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Wenzake walikwenda kuuza nguo na vipuri. Yeye alinunua daftari la mistari mipana, akajifundisha kutengeneza tovuti kwa ukaidi uleule aliokuwa akiwatesea wachapaji. Hatimaye alipanga chumba kimoja pamoja na shemeji yake, mume wa mdogo wake, juu ya karakana ya fundi vyerehani. Kutwa nzima sakafu ilitetemeka kidogo chini ya miguu yao, fundi alipokuwa akijaribu mashine alizozitengeneza.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Pambizo alikuwa mikono, shemeji alikuwa mdomo. Shemeji aliweza kuingia katika ofisi asiyoijua kuomba maji ya kunywa, akatoka na mteja. Pambizo aliweza kukaa saa nne na upana wa mstari mmoja.

Mteja wao mkubwa alikuwa chama cha wakunga, kilichotaka tovuti ya mafunzo yenye kurasa mia moja na arobaini. Kila ukurasa ulijengwa kwa vipande viitwavyo bloku: aya ni bloku, picha ni bloku, nukuu ni bloku. Mandhari, yaani vazi ambalo tovuti nzima huvaa, yalikuja na mitindo michache ya kuvipamba vipande hivyo, na yote ilikuwa mikavu kama barua ya benki. Onyo la kutokwa damu lilifanana na tangazo la kikao. Pambizo alilitazama jambo hilo kwa siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuongeza mitindo yake mwenyewe.

Wa kwanza aliuita Shangazi. Ulikuwa na mpaka mnene mwekundu upande wa kushoto, rangi ya waridi hafifu nyuma ya maneno, na herufi nzito ambazo jicho lisingeweza kuzipita. Aliuita hivyo kwa heshima ya shangazi aliyewalea yeye na mdogo wake, mwanamke ambaye hakuwahi kutaja jambo la hatari kwa sauti ya chini. Wa pili ulikuwa Bibi, wa ushauri na nukuu, wenye nafasi kubwa pande zote kama mtu anayejua kwamba atasubiriwa. Wa tatu, Mama Mdogo, ulikuwa wa maelezo ya ziada: herufi ndogo, rangi ya kijivu, na bila kelele.

"Shem," shemeji alimwambia siku alipoyaona majina hayo yamejipanga katika orodha ya pembeni, "ukiongeza na Mama Mkwe, mimi nitahama tovuti."

"Mama Mkwe hahitaji mtindo. Huonekana tu."

Wakacheka mpaka fundi wa chini akagonga dari kwa fimbo.

Katika kazi hiyo kuna jambo moja ambalo asiyelijua huumia. Kila mtindo una majina mawili. Moja ni lebo, ambayo mwandishi wa ukurasa huiona na kuichagua. La pili ni jina la ndani, na hilo, mtindo unapochaguliwa, huandikwa katika kila ukurasa unaoutumia na kubaki humo. Lebo unaweza kuibadilisha kila asubuhi upendavyo. Ukibadilisha jina la ndani, kurasa zote zilizokwisha kuandikwa huendelea kumwita mtu ambaye hayupo tena. Pambizo alimweleza shemeji yake jambo hilo zaidi ya mara moja. Shemeji aliitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia maelezo ya dawa wasiyokusudia kuinywa.

Wakunga waliipenda kazi hiyo. Waliipenda kiasi kwamba kamati yao iliamua tovuti za matawi yote kumi na mawili zijengwe kwa mitindo hiyohiyo, chini ya mbunifu mkuu mmoja ambaye jina lake lingeandikwa katika barua ya uteuzi na chini ya kila tovuti. Pambizo na shemeji walikubaliana bila ubishi: yeye angesimama kama mbunifu mkuu, na shemeji angekuwa msaidizi na msemaji.

Kwa Pambizo hicho hakikuwa cheo tu. Katika miaka kumi na sita ya uchapaji, alikuwa amepanga vitabu ambavyo ndani yake alishukuriwa mwandishi, mhariri, mke wa mwandishi, na safari moja hata paka wa mwandishi. Yeye hakutajwa hata mara moja. Hakulalamika. Lakini alikuwa amejiahidi kwamba kabla ya macho yake kuchoka, kazi moja itoke ikiwa na jina lake.

Mkutano wa kamati ulipangwa kufanyika Jumanne. Jumamosi iliyotangulia, shemeji alivua koti, akalitundika, akasema kwa wepesi, "Wameahirisha. Mwenyekiti amesafiri. Watatuambia."

Jumanne shemeji hakufika kazini. Pambizo alimpigia simu, na aliyepokea alikuwa mdogo wake.

"Ana homa, Dada. Kalala."

"Homa kali?"

"Ya kawaida tu."

"Mwambie asihangaike. Barua zake nitazijibu mimi."

Akazijibu zote, kumi na moja, moja baada ya nyingine, akitia jina la shemeji mwishoni mwa kila barua.

Ijumaa asubuhi simu yake iliita. Alikuwa katibu wa chama, mkunga mstaafu ambaye sauti yake ilikuwa bado na mazoea ya kuwaamrisha watu wasukume.

"Shikamoo, Mama Katibu."

"Marahaba, mwanangu. Unisamehe kwa kukusumbua katika mapumziko yako."

"Mapumziko gani?"

"Si umeacha kazi?" Katibu aliendelea kwa uangalifu zaidi. "Shemeji yako alitueleza Jumanne, mbele ya wajumbe wote. Alisema macho yamekuchosha, umeamua kupumzika, na kwamba mitindo ile aliibuni yeye tangu mwanzo. Alituonyesha na faili; juu yake pana jina lake. Tumekwisha kumteua. Mimi ninakupigia kwa sababu yeye hapatikani, na maonyo yetu yamepotea."

Sakafu ilitetemeka chini ya miguu ya Pambizo. Fundi alikuwa amewasha mashine.

"Yamepotea vipi, Mama?"

"Vile visanduku vyekundu. Mkunga wa tawi moja amenipigia asubuhi hii, anafundisha wanafunzi. Anasema ukurasa wa kutokwa damu uko mweupe kama sanda. Maneno yapo, lakini nani atayaona?"

Pambizo aliifungua tovuti. Ilikuwa kama alivyoambiwa. Alipofungua faili la mitindo, alikuta jina lake limefutwa juu na la shemeji limeandikwa mahali pake. Chini yake Shangazi hakuwepo, wala Bibi, wala Mama Mdogo. Palikuwa na Onyo, Ushauri na Maelezo: lebo mpya, na majina ya ndani mapya pia. Shemeji alikuwa amefuta kila kilichonuka mkono wa Pambizo, hata kile ambacho hakikupasa kuguswa. Kurasa mia moja na arobaini zilikuwa zikimwita Shangazi, na Shangazi hakuitika.

Angeweza kuuacha uharibifu huo kama ulivyokuwa. Wazo hilo lilimjia likiwa kamili: anyamaze, aifunge kompyuta, na ifikapo Jumatatu matawi yote yawe yanapiga kelele na mbunifu mkuu hajui pa kuanzia. Aliliwaza kwa muda ambao mtu hutumia kutia uzi katika tundu la sindano. Kisha akamwona, katika akili yake, mkunga mwanafunzi akipitisha kidole juu ya ukurasa mweupe, akitafuta onyo. Akarudisha majina ya ndani, yote matatu, kwa mpangilio wake, akaupakia upya ule ukurasa wa kutokwa damu, na wekundu ukarudi.

"Angalia sasa, Mama Katibu."

"Ahaa. Mungu akubariki." "Kwa hiyo hukuacha kazi."

"Sikuacha."

Nyumba ya mdogo wake ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Pambizo alikwenda bila kujifunga mtandio vizuri, jambo ambalo wanaomjua wangelishangaa. Shemeji alikuwa sebuleni, soksi mguuni, akipiga kiatu kimoja rangi. Mdogo wake alikuwa amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, na rundo la nguo kando yake.

"Karibu, Shem, karibu ndani," shemeji alisema. "Mbona hukupiga simu?"

"Nilipiga Jumanne. Nikaambiwa una homa."

Brashi ya viatu ilisimama. Mdogo wake hakuinua macho. Aliendelea kuisukuma pasi juu ya kola ileile.

"Keti, tuzungumze kama watu wazima," shemeji alisema.

"Nitasimama. Mitindo ile ilibuniwa na nani?"

"Shem, nisikilize. Kamati ile inataka mtu wa kusimama, wa kueleza, wa kuwachekesha wazee wakasahau njaa. Wewe ukisimama mbele ya watu unawasahihisha sarufi. Ningekuita baadaye. Kazi ungeifanya vilevile, pale pale dirishani. Kingebadilika nini?"

"Jina."

"Jina tu."

"Kama ni jina tu, kwa nini ulilichukua?"

Shemeji alitabasamu kwa mazoea, akaona tabasamu halijapokelewa, akalirudisha. "Na leo asubuhi umeingia katika faili langu bila ruhusa, sivyo? Nimeona mabadiliko."

"Faili lako lilikuwa limewanyang'anya wakunga maonyo. Nilikueleza mara ngapi kwamba jina la ndani haliguswi? Mwizi wa ng'ombe angalau hujua kukamua."

"Basi nenda kamati ukawaambie," shemeji alisema, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Utawaonyesha nini? Majina ya kina Shangazi? Shangazi ni wa mke wangu pia. Bibi ni wa mke wangu. Mama Mdogo ni wa mke wangu. Nitasema niliwaenzi wakwe zangu, na wajumbe watanipigia makofi."

Ilikuwa kweli. Alichokuwa amekitia katika kazi ili kiwe chake kuliko vyote, ndicho alichokuwa amekichangia na watu wa nyumba hii. Akamgeukia mdogo wake.

"Wewe ulijua."

Pasi ilikwenda, ikarudi.

"Nakuuliza wewe. Ulikuwa umesimama wapi uliponiambia kalala?"

"Hapahapa," mdogo wake alijibu kwa sauti isiyofika mbali. "Nilikuwa nampigia pasi shati la mkutano."

Pambizo alikuwa ametarajia machozi, au kisingizio, au hata ukali. Jibu hilo fupi, lililonyooka kama kola, lilimkata kuliko yote. Shemeji alikuwa mtu wa kuja. Nyumbani kwao aliingia kwa barua ya posa na angeweza kutoka kwa barua nyingine. Lakini mdogo wake, yeye Pambizo ndiye aliyemfundisha kufunga viatu. Ndiye aliyempigania kwa shangazi mdogo huyo alipovunja kioo cha kabati, akapokea viboko visivyokuwa vyake. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, wahenga walisema, na Pambizo alikuwa ameishi miaka arobaini na sita akiuamini usemi huo kama watu wanavyoamini kwamba ngazi ya nyumbani kwao haiwezi kuwaangusha.

"Mume wangu alisema ni kwa muda," mdogo wake alianza. "Alisema wewe hujali mambo ya mbele za watu."

"Ungeniuliza mimi. Namba yangu unayo."

Akaondoka. Hakubamiza mlango, alikuwa amelelewa vizuri.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa katibu, chumba chembamba chenye kabati la mafaili na mizani ya kupimia watoto ambayo sasa ilibeba majarida. Alikuwa amebeba nakala za kazi zake, za tangu siku ya kwanza, zikiwa na tarehe zake. Katibu alizitazama, akavua miwani.

"Mwanangu, mimi nakuamini. Lakini kamati ina wajumbe saba. Shemeji yako ameniandikia barua akisema nakala zozote utakazoleta umezitengeneza juzi, kwa hasira."

"Tarehe zipo, Mama."

"Tarehe. Marehemu mume wangu alikuwa na vyeti viwili vya kuzaliwa, na vyote vilikuwa na tarehe." Katibu alikunja miwani. "Wewe ni dada wa mkewe, yeye ni mume wa mdogo wako. Wajumbe wataona ni ugomvi wa nyumba moja uliomwagikia barazani kwetu, watasema waachieni wenyewe. Ukiwa na mtu aliyekuwapo, asiye wewe wala yeye, mlete Alhamisi."

Aliyekuwapo, asiye yeye wala shemeji, alikuwa mmoja tu. Ndiye aliyewaletea chai katika kile chumba kila Jumatano. Ndiye aliyesimama nyuma ya kiti cha Pambizo siku wekundu wa Shangazi ulipochaguliwa, akasema, "Ongeza ukali, Dada, Shangazi hakuwa mpole hivyo," na Pambizo akauongeza. Siku tatu zilipita. Pambizo hakumpigia. Mara mbili aliishika simu, na mara mbili akairudisha mezani uso chini. Kumwomba mtu ushahidi dhidi ya mumewe ni kumwomba alichome paa analolala chini yake. Na kumwomba aliyekudanganya aseme kweli ni kujidhalilisha mara ya pili. Katika kile chumba hata shemeji hakuja tena. Fundi wa chini alipanda ngazi kuuliza kama kuna msiba.

"Upo," Pambizo alimjibu. "Ila maiti anatembea."

Alhamisi, kamati iliketi katika ukumbi mdogo wenye viti vya plastiki na picha za wakunga wa zamani ukutani. Karani wa kuandika kumbukumbu alikaa mwisho wa meza na daftari lake. Shemeji alifika mapema, kiatu kinang'aa, akamsalimia kila mjumbe kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Pambizo aliketi upande wa pili akiwa na bahasha yake mapajani.

Alieleza aliyokuwa nayo. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, pengine kwa mpangilio uliopita kiasi; aliwaona wajumbe wawili wakitazama saa. Shemeji naye akasimama na kuwaeleza, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa lakini asiye na kinyongo, jinsi shemeji yake alivyokuwa mtu wa heshima, jinsi macho yalivyomsumbua, jinsi uchungu wa kustaafu unavyoweza kumfanya mtu mzima adai hata kivuli cha jirani. Mjumbe mmoja mzee alimwangalia Pambizo kwa huruma. Huruma hiyo ilimuuma kuliko kutoaminiwa.

"Una shahidi?" mwenyekiti aliuliza.

"Sina," Pambizo alisema.

Hapo mlango ulifunguliwa. Mdogo wake aliingia, gauni la kazini mwilini, mkoba umebanwa kwapani. Hakumtazama mumewe. Alikwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa meza na kusimama mahali ambapo watu hawakuwekewa kiti.

"Mama umepotea?" mwenyekiti aliuliza.

"Sikupotea. Mimi ni mke wake," alisema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu, "na mdogo wake huyu."

"Mke wangu, hili ni jambo la kazi," shemeji alisema upesi. "Tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani tumezungumza siku sita. Nimechoka kuzungumza mahali ambapo hapaandikwi."

Mjumbe mmoja alicheka, akakohoa. Katibu aliinua mkono, ukumbi ukatulia.

"Visanduku alivitengeneza dada yangu, vyote vitatu," mdogo wake alisema. "Nilikuwapo, chai mkononi. Mume wangu siku hizo alikuwa hajui hata faili linafunguliwa wapi. Na Jumanne ile ya mkutano, dada alipopiga simu, mimi ndiye niliyepokea. Nikamwambia mume wangu kalala na homa. Hakuwa na homa. Alikuwa ananisubiri nimalize shati. Dada hakuja hapa kwa sababu ya mdomo wangu, si kwa sababu ya macho yake."

Shemeji alikiinua kiganja, akakishusha. Alionekana mdogo zaidi, kama kondoo aliyenyolewa.

Pambizo alimtazama mdogo wake. Alitafuta moyoni mwake ile furaha ambayo mtu huitarajia haki inapofika, akakuta chumba kimefagiwa tu, hakina kitu. Kesho asingeliamini neno lake kwenye simu, wala kesho kutwa. Lakini alijua kwamba mwanamke yule atarudi leo katika nyumba ambayo pasi, meza na ukimya vinamngoja.

"Samahani," karani alisema kutoka mwisho wa meza, kalamu ikiwa juu ya daftari. "Umesema haraka, Mama, sikuandika yote. Unaweza kurudia?"

Mwenyekiti aliingilia kati. "Si lazima arudie. Tumesikia."

"Nitarudia," mdogo wake alisema. "Nilichosema kwenye simu nilikisema mara moja. Hiki nitakisema mara mbili."

Akauweka mkoba juu ya meza, akamgeukia karani, na safari hii akamtaja dada yake kwa jina lake kamili, jina la wazazi, herufi moja moja, ili lisikosewe. Kisha akaanza tena tangu mwanzo, polepole, neno kwa neno, akisubiri kila mara mpaka kalamu imfikie.